Dumuzi Katika Stoo ya Shule

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa kiranja wa chakula katika shule ya bweni mkoani Tabora. Mahindi ya shamba la shule tuliyaweka stoo yakiwa bado kwenye magunzi, kama wazee walivyofanya miaka yote. Fukusi tulikuwa tumemzoea: alikula kidogo, tukapepeta, tukasaga. Huyu mpya alikuwa wa namna nyingine. Ukishika hindi, punje zilivunjika vidoleni na vumbi likamwagika hadi miguuni. Ni dumuzi, mdudu wa Amerika ya Kati, na mwaka 1981 alitambuliwa hapo hapo Tabora, mara ya kwanza barani Afrika. Watu walimwita Scania, kwa jina la lori.

Bwaloni ugali ulikuja mchungu. Wanafunzi walionja, wakasukuma sahani, na makombo yakajaza madebe ya nguruwe wa mradi. Mwalimu wa zamu akatukaripia, eti tunachezea chakula ilhali nchi ina njaa. Iliniuma, na hadi leo naona hakututendea haki. Vijana waliotoka kulima jua kali hawakatai ugali kwa kiburi.

Aliyeelewa ni mpishi mkuu, mama mmoja wa Kinyamwezi. Nilipomwamkia asubuhi moja alinishika mkono hadi stoo. "Mwanangu, mnahesabu makombo ya mezani. Haya ya huku nani anayahesabu?" Akataka mahindi yote yapukuchuliwe. Bwana shamba alipokuja akasema vivyo hivyo: hindi likiwa gunzini dumuzi hupata pa kujishikiza anapotoboa, lakini punje zikiwa huru humponyoka. Basi tulipukuchua shule nzima, viganja vikachubuka. Tukaanika, tukapepeta, tukachoma magunzi yaliyoliwa na kufagia kila ufa. Punje zikachanganywa na dawa ya unga kwa kipimo alichotupa, na gunia lililotiwa dawa karibuni halikuguswa kabla ya siku alizotutajia.

Ugali ukarudi kuwa ugali. Mama hakuishia hapo. Kila asubuhi alinituma mabwenini kuhesabu waliopo, wagonjwa na wenye ruhusa nikiwatoa, ndipo akateka unga. Kabla ya hapo alipikia majina ya daftarini, hata ya waliokwisha kwenda makwao. Debe la makombo lililokuwa likijaa kila mlo likawa halifiki nusu, na gunia lililozoea kuisha kabla ya Ijumaa likatuvusha hadi Jumapili.