Mifuko ya Risasi Katika Barabara ya Portobello

Mwenye kufika London siku ya Jumamosi, naye akawa mpenzi wa vitu vya kale, haachi kuzuru Barabara ya Portobello, mtaa wa Notting Hill. Barabara ni nyembamba na huteremka. Upande wa juu umejaa wauzaji wa vyombo vya fedha, saa na picha. Na kati yao wamo wauzao masalio ya majeshi: kofia za chuma, nishani, mishipi na mifuko ya risasi.

Nilikwenda huko kwa haja moja. Marehemu babu yangu, mzaa mama, alikuwa askari wa Keya, batalioni ya 4 ya Uganda, iliyopigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Hakutuachia picha wala nishani. Muuzaji mmoja aliposikia habari hiyo alichomoa mfuko wa kijani chini ya meza, akaniapia kuwa ulivaliwa na Mwafrika huko huko Burma. Bei yake paundi 60.

Askari ajuaye vifaa hufunua kifuniko kwanza. Vifaa vya Uingereza vilipigwa chapa ya mshale mpana, na mara nyingi jina la kiwanda na mwaka. Mshale uliozungukwa na herufi C ni wa Kanada. Ulio ndani ya U ni wa Afrika Kusini. Kisha hutazama umbo. Mtindo wa 1908, wa Vita Kuu ya Kwanza, una vijifuko 10, vitano kila upande, kila kimoja risasi 15, jumla 150. Askari walipoegemea kingo za mahandaki, vifuniko vya upande wa kushoto vilifunguka na risasi zikamwagika, hata vikaongezwa vikanda vya kuzizuia. Ukiviona vikanda hivyo, umeujua wakati wake.

Mtindo wa 1937 ndio wa akina babu: mifuko miwili mikubwa ya kitambaa kizito cha pamba, mmoja kila upande wa kifua, ikifungwa kwa kishikizo cha kubana. Urefu wake ulipimwa kwa magazini ya Bren, kwani hata mwenye raifo aliwabebea wenzake magazini za bunduki hiyo. Nyuma zipo kulabu mbili za shaba za kushika mshipi. Hapo ndipo pa kuchunguza, maana leo hutengenezwa mifuko mipya yenye chapa za miaka ya vita, na wajanja huichakaza kwa mkono. Uchakavu wa kweli huonekana pale shaba iliposuguana na kitambaa. Nawe ukikuta risasi ndani, hata iliyoota kutu, usiiguse, waite polisi.

Mfuko wa paundi 60 haukuwa na kishikizo cha kubana. Ulifungwa kwa ulimi uliopenyezwa katika pete, na ndani yake mlikuwa na namba ndefu ya bohari ya NATO. Umoja huo uliundwa mwaka 1949, miaka mitano baada ya mapigano yale! Ulikuwa mtindo wa 1958, uliotumika pamoja na bunduki ya SLR, ambayo wazee wengi wa jeshi na polisi waliwahi kuibeba. Nilimwonyesha muuzaji namba ile. Alicheka, akashusha bei hadi paundi 15. Nikamshukuru nikaondoka.

Meza ya mbele nilipata mfuko wa mtindo wa 1937, wenye mshale ndani ya C na mwaka 1942. Mwenyewe hakuniambia hadithi yoyote. Ndani mlikuwa na namba ya askari iliyoandikwa kwa wino, imefifia isisomeke. Niliununua kwa paundi 20.

Mama alipoushika nyumbani aliingiza mkono hadi kwenye kifundo, akanyamaza. Kisha akasema babu alikuwa nao wa namna hiyo, akautundika juu ya jiko na kuhifadhia mbegu za maharagwe, mpaka panya walipoumaliza.