Sisimizi wa Moto Katika Ukoka Wetu

Twakaa Texas, nchi ya Marekani, karibu na mji wa Houston, tangu mwaka 2016. Watu wa nyumbani wakituandikia hutuuliza habari za baridi, habari za kazi, na bei ya vyakula. Hapana hata mmoja aliyepata kutuuliza habari za sisimizi. Lakini kama mngekuwa wageni wetu kwa siku moja tu, mkavua viatu mkatoka uani, neno la kwanza ambalo watoto wetu wangewaambia ni hili: Angalieni chini.

Nyumba tuliyoipanga ina uwanja mbele na nyuma, na majani yaliyomo ninyi mwayajua vema, maana ni ukoka, ule ule unaotambaa kando ya njia zote za Muheza na Korogwe. Watu wa huku huupanda kwa makusudi, huumwagia maji, huukata kwa mashine kila juma, na katika mitaa mingi mtu asiyeukata huletewa barua ya kumwonya. Tulicheka sana tulipoona ukoka, tuliokuwa tukiung'oa kwa jembe katika mahindi, ukipewa heshima namna hii. Kicheko hakikudumu, kwa kuwa humo ndani ya ukoka ndimo alimokaa adui wetu.

Wenyeji humwita sisimizi wa moto. Si maji-moto wa miembeni, wala si siafu. Ni mdogo, mwekundu wa kahawia, na aliye mkubwa wao hapiti nusu ya ukucha wa mtoto. Kichuguu chake ni udongo laini kama uliochekechwa, nacho hakina tundu juu, maana yeye hutoka kwa njia za chini ya ardhi, mbali kidogo na nyumba yake. Ukikigusa kwa kijiti hutoka mamia kwa mara moja, wakapanda kijiti, wakapanda na mkono. Hushika ngozi kwa meno kwanza, kusudi asianguke. Kisha huinama akachoma kwa mwiba ulio mkiani, akageuka kidogo akachoma tena, na tena. Maumivu yake ni kama ya kaa la moto. Kesho yake kila palipochomwa huwa na kipele cheupe kama chenye usaha, ambacho haifai kukipasua, maana hapo ndipo vidonda viingiapo.

Miaka miwili ya kwanza tuliishi nao kwa ugomvi mdogo mdogo. Tukiona kichuguu tulikipiga teke, tukakimbia. Hivyo ndivyo tulivyofanya, tena tukiwa watu wazima wenye akili zetu.

Mwaka 2018 mama yetu alitoka Muheza akaja kumwona mjukuu wake mchanga. Siku ya pili alitandika mkeka uani, akaona kichuguu karibu na ua, akasema, "Hawa ni siafu. Waacheni, watapita." Msimcheke, wasomaji. Nani miongoni mwenu hajui kwamba ndivyo ilivyo desturi ya siafu? Huja usiku kama jeshi, watu wakachukua watoto wakatoka nje. Siafu hupita chumba kwa chumba wakila mende na kila kitambaacho, hata kulipokucha wamekwenda zao, na nyumba imesafishwa kuliko kwa ufagio. Siafu ni msafiri. Mama alikuwa na miaka sabini ya kuwajua wasafiri hao, na dawa yake aliijua pia, ni majivu. Alichota majivu ya jiko la kuchomea nyama akakizungushia kichuguu, nasi tukanyamaza, kwa sababu haikutupendeza kumrekebisha mama mbele ya watoto.

Lakini sisimizi wa moto si msafiri, ni mlowezi. Hakuja kupita, amekuja kukaa.

Baada ya siku chache mama alikuwa mkekani akichagua mchele, na mtoto, aliyekuwa ameanza kutambaa, yuko kando yake. Aligeuka kumwaga pumba tu. Mtoto alitambaa hatua mbili, akaweka kiganja katika udongo laini ule nje ya duara la majivu, maana wale walikuwa wamekwisha kuchimba njia chini yake. Tulisikia kilio tukiwa jikoni. Tulipomfikia, mkono wake ulikuwa mwekundu kwa wadudu hata kiwikoni, na mama alikuwa akiwapangusa kwa viganja vyake mwenyewe. Maji hayafai wakati ule, kwa sababu wakisha kushika hawaachi kwa maji. Ni kupangusa kwa nguvu na upesi, kama alivyofanya yeye. Alama tulizozihesabu baadaye zilipita arobaini. Kisha midomo ya mtoto ikaanza kuvimba, na pumzi ikawa na mlio.

Hapo hapana la kungoja. Wako watu wachache ambao miili yao haivumilii sumu ile, na kwao kuvimba uso na kushindwa kupumua ni hatari ya mauti. Hao hupelekwa hospitali saa ile ile. Tulimpeleka, akadungwa sindano, akaangaliwa hata usiku, akapona. Lakini mama hakula siku ile, wala siku ya pili. Alikaa kitandani na mikono yake imevimba, akisema neno moja tu, "Ni mimi niliyesema watapita." Tulimwambia si kosa lake, na kweli halikuwa lake. Sisi tuliojua kwa miaka miwili kwamba hawapiti, tulikuwa tukiwapiga mateke.

Asubuhi yake tulifanya jambo la kipumbavu zaidi. Kwa hasira tulichukua petroli ya mashine ya kukatia majani tukaimimina katika kichuguu. Wengi walikufa, hilo hatulikani. Ukoka nao ulikufa, ukaacha upara wa kiasi cha sinia ambao haukuota kitu kwa muda mrefu. Na baada ya siku sita kichuguu kipya kilisimama hatua mbili kutoka pale. Tulijifunza baadaye kwamba petroli hutia sumu katika udongo na maji yaliyo chini, mbali na kuwa yaweza kumchoma mwenye kuimimina, na kwamba imekatazwa. Tukajaribu maji yanayochemka, sufuria kwa sufuria. Hayo yafaa kiasi: galoni tatu zikimwagwa vizuri huua vichuguu kama sita katika kumi, lakini huua majani pia, na mmoja wetu aliunguza mguu. Kisha mzee wa jirani, mtu mwema sana, akatuletea mfuko wa chenga za mahindi, akisema wakila watavimba na kupasuka. Walizichukua, hawakupasuka.

Aliyetufungua macho ni bwana shamba wa wilaya, wa idara ile ya Chuo Kikuu cha Texas A&M inayofundisha watu wakulima na wenye nyumba. Alituuliza, "Mmemwua nani?" Tukajibu, sisimizi. Akasema, "Mmeua vibarua. Mama yao je?" Akatueleza kwamba kichuguu tukionacho ni kama paa tu; nyumba yenyewe hushuka chini ardhini zaidi ya urefu wa mtu, na kichuguu kilichokomaa chaweza kuwa na sisimizi laki mbili na zaidi. Malkia, ambaye aweza kuishi miaka sita au saba, hutaga mayai mamia kwa siku, naye hukaa mbali na joto na kelele. Ukipiga teke, vibarua humhamisha. Vichuguu vingine vina malkia wengi, na hapo kazi ni ngumu mara nyingi zaidi. Hata mafuriko hayawamalizi. Hili tulikuwa tumelishuhudia kwa macho Agosti 2017, wakati tufani iliyoitwa Harvey ilipojaza maji mitaa ya Houston: tuliona kama vipande vya zulia jekundu vikielea barabarani, nao walikuwa sisimizi walioshikana miguu kwa miguu, mabuu na malkia wakiwa katikati, wakingoja kufika nchi kavu.

Basi akatufundisha njia ya hatua mbili. Sisimizi aliye mzima hawezi kumeza kitu kigumu. Hunyonya mafuta na maji tu. Kigumu hupelekwa kwa mabuu yaliyokua, ambayo hukiyeyusha na kurudisha maji yake, na chakula hicho hupokezanwa mdomo kwa mdomo hata kumfikia malkia. (Ndiyo sababu chenga za mzee wa jirani hazikumpasua mtu.) Kwa hiyo chambo kizuri ni chenga za mahindi zilizolowana mafuta ya soya, na ndani ya mafuta imetiwa dawa kidogo sana isiyoua upesi. Ikiua upesi, kibarua hufa njiani na malkia asionje.

Tuliponunua chambo tulistaajabu kuona kipimo chake. Kwa ekari nzima ni ratili moja hata moja na nusu, na uwanja wetu haufiki sehemu ya nane ya ekari. Kilichotupasa ni vijiko vichache! Mkono wetu ulitamani kumwaga mfuko wote. Bwana shamba alituonya tusithubutu, maana uwanjani wamo pia sisimizi wa asili ya nchi, nao huwala malkia wageni wanaoruka na kutua ili kujenga. Ukiwaua hao kwa dawa nyingi, umemfagilia adui njia.

Kabla ya kunyunyiza tuliweka kipande kidogo cha soseji katika majani, tukatazama saa. Kabla ya dakika ishirini walikuwa wamekizunguka. Hiyo ni alama kwamba wametoka kutafuta chakula, na chambo kitachukuliwa kingali kibichi; kikikaa hata mafuta yakachacha, hawakitaki. Tukanyunyiza uwanja mzima jioni, majani yakiwa makavu, mvua haikutazamiwa, na hatukugusa kichuguu hata kimoja. Hilo la kutogusa lilikuwa gumu kuliko yote. Hatua ya pili ni kwa vile vilivyo mlangoni au penye michezo ya watoto tu: baada ya siku kadhaa humwagiwa dawa yake ya maji, polepole, bila kuvitikisa. Vingine huachiwa chambo. Ilikuwa Oktoba. Desemba mama alirudi Muheza na vichuguu vingali vinaonekana, naye alitutazama kwa mashaka. Hata Machi, kati ya vichuguu kumi na tisa tulivyokuwa tumevihesabu, vilibaki vitatu.

Jambo hili lilitufanya tutafute asili ya wadudu hawa, na tulichokiona kilitupunguzia aibu kidogo. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika nchi za mto Paraguay, nao waliingia kwa meli katika bandari ya Mobile, jimbo la Alabama, miaka ya 1930. Mwaka 1942 kijana wa miaka kumi na mitatu, Edward O. Wilson, aliwaona karibu na bandari ile. Baadaye akawa mtaalamu mkuu wa sisimizi. Mwaka 1957 Serikali ilitaka kuwamaliza kabisa, ikamwaga kwa ndege sumu ziitwazo heptachlor na dieldrin juu ya mashamba na misitu. Ndege wa porini walikufa, na mifugo, na Rachel Carson aliandika habari hizo katika kitabu chake Silent Spring mwaka 1962. Sisimizi waliendelea kuenea. Leo wako kusini yote, toka Texas mpaka Carolina. Australia waligunduliwa mwaka 2001, na katika kisiwa cha Sicilia habari zao zilitangazwa mwaka 2023. Husafiri katika udongo wa miche, katika nyasi za kupanda na marobota ya majani makavu, ndiyo maana sheria ya huku hairuhusu kuvitoa vitu hivyo katika wilaya zenye wadudu hawa bila kukaguliwa. Serikali yenye ndege nayo ilipiga teke kichuguu!

Tangu wakati ule twanyunyiza chambo mara mbili kwa mwaka, masika ya huku na vuli. Mtoto aliyechomwa sasa ni kijana wa shule, na hubeba sindano yake ya dawa katika mkoba, kwa amri ya daktari. Yeye ndiye anayeweka soseji na kutazama saa. Mama, kila tukizungumza naye kwa simu, haulizi kwanza habari za afya. Huuliza kama wageni wale wamekwisha kupita. Twamjibu kwamba bado, mama, mwezi huu viko viwili, kimoja kando ya sanduku la barua na kimoja chini ya ua wa jirani, na Jumamosi tutatia chambo, kama mvua haikunyesha.