Mashine haiwezi kuwa shahidi

Leo mashine inaweza kusema kwa sauti ya mtu yeyote. Mwezi Januari 2023, kampuni ya Microsoft ilionyesha programu ambayo, ikisikia sauti ya mtu kwa sekunde 3 tu, inaweza kuiga namna anavyosema. Programu nyingine zinatengeneza picha ya mji unaowaka ama ya askari waliokufa, bila mtu yeyote kufika pale na kamera. Ndiyo inayoitwa akili bandia.

Kwa wakaaji wa Goma, Bukavu ama Bunia, jambo hili si mchezo wa vijana. Mhami wa vita anaamua kwa kusikia. Mama aliyetoka Masisi na watoto watano anauliza: barabara ya Sake imefunguliwa? Kijijini watu wamelala salama jana? Nyumba ingaliko ama imechomwa? Mwezi Februari 2025, kambi nyingi za kandokando ya Goma zilipovunjwa, ilibidi familia zichague kwa siku chache tu: kurudi mashambani, ama kutafuta kwa ndugu mahali pa kulala. Wengi hawakuwa na njia ya kwenda kujionea. Walikuwa na simu, mega kidogo, na sauti zinazopitishwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi lingine.

Basi fikiria sauti inaingia kwenye simu ya mama huyo. Ni sauti ya chifu wa kijiji chake, anaijua vizuri. Inasema: rudini, amani imefika. Akirudi na ikawa ni uongo, watoto ndio watakaolipa. Nani atajibu?

Mashine haitajibu. Haimjui chifu wala kijiji chake. Imefundishwa kwa maandishi na sauti nyingi sana, na kazi yake ni kukisia kitu gani kinaelekea kufuata kingine. Ikitoa kweli, ikitoa uongo, kwake ni kazi ile ile. Mtu anayedanganya anajua anachoficha, na siku moja anaweza kuona haya mbele ya watu. Mashine haina haya. Ndiyo sababu kusema "mashine imedanganya" ni kumpatia mwongo mahali pa kujificha.

Marekani waliliona hilo. Mwezi Januari 2024, katika jimbo la New Hampshire, wapiga kura walipigiwa simu na sauti iliyofanana na ya rais Joe Biden, ikiwaambia wasiende kwenye kura ya mchujo ya chama. Ilikuwa sauti ya kutengenezwa. Mwaka ule ule, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo ilimtoza mshauri wa siasa aliyepanga mambo hayo faini ya dola milioni 6. Hakuna aliyeitoza faini programu. Walimtafuta mtu.

Lakini kuna hatari ya pili. Huko Gabon, rais Ali Bongo aliugua mwezi Oktoba 2018, na raia wakakaa wiki nyingi bila kumsikia akisema nao. Mwisho wa mwaka ikatolewa video yake akitoa salamu za mwaka mpya. Wengine wakasema imetengenezwa na mashine. Tarehe 7 Januari 2019, kikundi cha askari kikakamata redio ya taifa na kujaribu kupindua serikali, bila kufaulu. Wataalamu waliochunguza video ile hawakupata uthibitisho kwamba ni ya bandia. Hivyo hata picha ya kweli inaweza kukataliwa, kwa sababu tu uongo unawezekana.

Hapo ndipo jambo linawagusa wahami wa Kivu na Ituri. Mwanamke anayesimulia aliyotendewa, kijana aliyepiga picha ya nyumba za kwao zikiungua, wanaweza kujibiwa kwa neno moja: "Hiyo ni akili bandia." Aliyetenda ananawa mikono. Aliyeumizwa anaumizwa mara ya pili, kwa kukosa kusadikiwa. Na yule anayesambaza picha ya kutengenezwa akifikiri anawatetea wahami, ni yeye anayempatia mkosaji jibu hilo.

Katika baraza la wazee, shahidi hakuwa mtu mwenye sauti nzuri. Alikuwa mtu anayeweza kuulizwa: ulikuwa wapi? Uliona kwa macho yako ama ulisikia? Nani mwingine alikuwepo? Na kesho yake watu walijua mlango wa nyumba yake. Mashine haina mlango. Inaweza kusaidia kutafsiri barua ama kuandika maneno ya mkutano, na hilo ni jambo jema. Kutoa ushahidi haiwezi.

Kweli, katika vita mashahidi wengi hawawezi kutaja jina, maana jina linaweza kuwaua. Hapo mwandishi wa habari ama kiongozi wa wahami aliyewasikiliza anaficha jina lao na kuweka lake mbele. Akikosea, ni yeye anayeitwa. Dhamana imehama kutoka mtu hadi mtu, lakini haikupotea.

Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi. Simu imeirefusha. Anayepokea sauti na kuipitisha kwa wengine amekuwa sehemu ya njia hiyo, hata kama si yeye aliyeitengeneza. Kabla ya kuituma, aulize nani ameona, siku gani, mahali gani. Apigie simu mtu mmoja aliye karibu na pale. Na kama hakuna mtu wa kujibu, sauti hiyo isimwamshe mtoto usiku kumtia njiani.