Waridi la Jangwani: Maua ya Kupendeza, Utomvu wa Kuua

Msafiri atokaye Marsabit kuelekea Isiolo wakati wa kiangazi huchoka macho mapema. Akishateremka ule mlima wenye msitu na ukungu, barabara humpitisha katika uwanda wa Kaisut, mawe meusi kushoto, mawe meusi kulia, na migunga iliyopukutika majani ikabaki miiba mitupu. Kisha, akishaipita Laisamis na Merille, na mlima Ololokwe ukianza kuchomoza mbele kama ukuta, huona jambo la ajabu. Kati ya mawe yanayochomwa na jua kuna maua. Tena si maua ya kutafuta kwa tochi, bali mekundu na ya waridi, yamejazana kwenye kichaka kisicho na jani hata moja.

Ni hapo basi letu lilipopata pancha. Dereva na utingo wake wakaingia chini ya gari na jeki, nasi abiria tukatawanyika kutafuta kivuli, ambacho hakikuwepo. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa anarudi Nairobi baada ya kumtembelea mwanawe anayefundisha Marsabit, alikiendea moja kwa moja kichaka kimojawapo, akatoa kisu cha kumenyea matunda na kuanza kukata tawi.

"Hii ni dawa ya moyo," alitwambia. "Jirani yangu aliniambia, unachemsha vizuri, unakunywa kikombe asubuhi. Mimi nina presha."

Mzee mmoja wa Kisamburu aliyekuwa akichunga mbuzi karibu na hapo alisimama akamtazama. "Mama," alisema kwa upole, "hebu tazama mbuzi wangu. Wana njaa au hawana?"

Walikuwa na njaa. Mbavu zilihesabika. Walikuwa wakiparamia migunga kutafuta vijani vya mwisho, lakini kile kichaka cha maua walikipita kando kana kwamba hakipo.

Wataalamu wa mimea hukiita Adenium obesum. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imetokana na Aden, bandari ya Yemen, kwa kuwa kichaka hiki hupatikana pia ng'ambo ya bahari huko Uarabuni. Msomi wa kwanza wa Ulaya kukiandika alikuwa Peter Forsskål, aliyefariki kwa malaria huko Yemen mwaka wa 1763. Maandishi yake yalichapishwa mwaka wa 1775, yeye akiwa kaburini miaka kumi na miwili. Wauza miche wa Nairobi hukiita waridi la jangwani, ingawa hakina udugu wowote na waridi. Ndugu zake hasa ni oleanda, ile inayopandwa kuwa ua mbele ya nyumba nyingi za mijini, na mti ambao Wagiriama na Wawata walipikia sumu ya mishale ya kuwindia ndovu. Sumu hiyo Wagiriama huiita utsungu, na Mswahili yeyote husikia humo neno lake mwenyewe, uchungu.

Ukikitazama kwa makini utakistahi. Shina lake ni nene chini, limevimba kama kiazi kikubwa kilichochomoza ardhini, na ndani yake mna maji ya akiba. Kiangazi kikizidi kichaka hudondosha majani yote ili maji yasipotee, lakini hakilali. Chini ya gamba lake la kijivu kuna rangi ya kijani inayoendelea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Maua yakishapita, hutoa maganda mawili mawili kama pembe za mbuzi. Yakipasuka, kila mbegu huwa na shungi la manyoya huku na huku, na upepo huipeperusha na kuibingirisha hadi ikwame penye ufa wa jiwe.

Sasa fikiria, msomaji, mmea uliojaa maji katika nchi ambayo kila kiumbe kina kiu. Bila mlinzi usingemaliza wiki. Mlinzi wake ni utomvu. Kata tawi na utomvu huo hutoka, nao umejaa kemikali ziitwazo glikosidi za moyo. Wako wanaovuka ulinzi huo, mmojawapo akiwa kiwavi mnene wa kijani wa nondo anayekula pia majani ya oleanda na asidhurike, lakini hao ni wachache sana. Mbuzi hana kinga hiyo, wala binadamu.

Mzee wa mbuzi hakuwa na habari za glikosidi, lakini alijua kazi ya kichaka. Alitueleza kwamba shina lake hupondwa na kupakwa ngamia mwenye wadudu wa ngozini. Ni kweli, wataalamu wameandika matumizi hayo hapa Kenya, pamoja na yale ya kupaka utomvu kichwani kuua chawa. "Nje ya ngozi," alisema mzee, akijipangusa mkono kuonyesha. "Si ya kunywa."

Mama hakuridhika. Kwani hakusema atachemsha? Hapo ndipo penye kosa linalowaponza watu wengi wa mijini, na ningependa kulikalia kidogo. Twaamini kwamba moto hutakasa. Maji machafu huchemshwa yakanyweka, maharagwe mabichi huumiza tumbo lakini yakipikwa hulika, na hata mihogo michungu ina namna yake ya kuandaliwa. Kwa hiyo mtu huona kwamba mzizi wowote, ukikaa jikoni saa moja, umeshapoteza ukali wake.

Tazama basi wanavyofanya Wahadza, wawindaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi nchini Tanzania. Wao hutumia kichaka hiki hiki kwa mishale yao. Hukata matawi, huyaponda, hukamua utomvu, kisha huuweka motoni. Huchemka na kuchemka mpaka maji yaishe na kubaki kitu kizito cheusi kama lami, ambacho hupakwa kwenye chembe ya mshale. Mnyama akichomwa, wawindaji humfuata nyayo hadi aanguke, na nyama iliyo karibu na jeraha huikata na kuitupa. Yaani moto ndio wanaoutumia kuikoleza sumu! Mwenye kuchemsha tawi hilo katika sufuria ya chai anaanza kazi ile ile ya mwindaji, tofauti ni kwamba anaiepua mapema.

Hata hivyo jirani ya mama yule hakuwa amezua tu. Katika maneno yake mlikuwa na nusu ya ukweli, na pengine hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi. Dkt. John Kirk, tabibu aliyefuatana na David Livingstone katika safari ya mto Zambezi iliyoanza mwaka wa 1858, alikuwa amebeba sumu ya mishale ya huko pamoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, kisha akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua kasi. Sumu hiyo ilitoka katika mmea mwingine wa ukoo huu huu. Baadaye, mjini Edinburgh, Thomas Fraser aliichunguza na kupata humo dawa ya moyo iliyotumiwa na madaktari kwa miaka mingi. Kirk ndiye yule aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja wakati Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa mwaka wa 1873.

Jinsi kemikali hizi zinavyofanya kazi ilieleweka katika karne ya 20. Kila chembe hai ya mwili ina pampu ndogo zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani. Mdenmaki Jens Skou alizigundua mwaka wa 1957 akichunguza neva za miguu ya kaa, na mwaka wa 1997 akapata Tuzo ya Nobeli. Kemikali iliyosaidia kuzithibitisha huitwa ouabain, hutoka katika miti yetu ya sumu ya mishale, na jina lake limetokana na neno la Kisomali, waabaayo. Glikosidi za moyo huziba pampu hizo. Sodiamu hujaa ndani ya misuli ya moyo, kalisiamu nayo huongezeka, na moyo hukaza kwa nguvu zaidi. Zikiwa kidogo kabisa, moyo dhaifu hupata nguvu. Zikizidi, mtu hutapika, mapigo hupungua au huenda ovyo, na moyo unaweza kusimama.

Kati ya kidogo na kuzidi pana nafasi finyu mno. Digoksini, dawa ya jamii hiyo itolewayo hospitalini, huja katika vidonge vya miligramu 0.25, yaani robo ya miligramu moja, na bado daktari huhitaji kumfuatilia mgonjwa. Katika tawi la kando ya njia ni nani awezaye kupima robo ya miligramu? Kiasi cha sumu hutofautiana kati ya kichaka na kichaka, kati ya mzizi na jani. Kikombe cha Jumatatu hakiwezi kulingana na cha Jumanne.

Nilimwuliza mama anakunywa dawa gani ya presha. Alisema ni zile zinazompeleka haja ndogo mara kwa mara. Nilishtuka. Nyingi za dawa hizo hupunguza potasiamu mwilini, na potasiamu ikipungua, glikosidi hushika pampu kwa urahisi zaidi. Kikombe ambacho pengine kingemwumiza mtu mzima wa afya kingeweza kumwua yeye. Tena hiyo presha yenyewe si ugonjwa unaotibiwa kwa digoksini, ambayo ni ya moyo uliodhoofika au unaopiga bila mpango.

Kwa wenye watoto mijini, jambo hili si la Samburu peke yake. Waridi la jangwani linauzwa kwenye vyungu kandokando ya barabara za Nairobi, nami ninalo moja roshani kwangu. Sijaling'oa. Nimelipandisha juu wasipofika watoto, na nikilipogoa navaa glavu na kunawa mikono kabla ya kugusa macho au chakula. Mtoto akitafuna, usimlazimishe kutapika wala kungoja dalili. Mpeleke hospitali upesi na uchukue kipande cha mmea ili daktari ajue anapambana na nini. Ipo dawa ya kuitegua sumu ya namna hii, iliyojaribiwa nchini Sri Lanka kwa watu waliokula mbegu za oleanda ya manjano, lakini ni ghali mno, na sidhani ungependa kuanza kuitafuta usiku. Ukinunua mche, uliza pia kama umeoteshwa kwa mbegu. Vichaka vikubwa vilivyong'olewa porini havirudi kwa mwaka mmoja wala kumi.

Gurudumu lilipokwisha kufungwa, mzee alimmiminia mama maji kutoka kwenye kibuyu chake anawe mikono, maji ambayo bila shaka alikuwa akiyahitaji zaidi yetu. Tawi lilibaki juu ya jiwe, likivuja.

Tulifika Isiolo giza likiingia. Basi liliposimama watu wale, mama aliniomba nimsindikize hadi duka la dawa. Njiani alinieleza alilokuwa ameficha mbele ya abiria wote: vidonge vyake vilikuwa vimekwisha siku nne zilizopita, na hakutaka kumwomba mwanawe pesa.

Alinunua vya wiki mbili.