Walimu wa Kolwezi na somo la bahari

Pwani ya Ubelgiji haifiki kilomita 70. Congo yetu, pamoja na ukubwa wake wote, ina kama kilomita 40 tu kule Muanda. Kwa hiyo mwalimu wa Ubelgiji akiifundisha bahari wiki nzima na wa Kolwezi akiipitia kwa ukurasa mmoja, tusisingizie uhaba wa pwani. Tuangalie walimu hao wanavyoandaliwa.

Huko Oostende, kwenye pwani hiyo ya Ubelgiji, niliwahi kufuatana na walimu waliokuja kwa mafunzo, wengi wao kutoka miji ya bara. Walivaa mabuti marefu ya mpira, wakapewa nyavu za kusukuma zenye mpini mrefu, zile za kuvulia kamba karibu na ufuko, wakaingia majini hadi magotini. Walichopata walikimwaga kwenye sinia jeupe: kamba wadogo wanaopenya mwanga, kaa, na samaki bapa wa ukubwa wa kidole gumba. Mkufunzi hakutaja jina la kiumbe hata kimoja. Aliwaambia wachore kwanza, kisha waseme kwa nini yule samaki ana macho yote mawili upande mmoja. Wakabishana, wakainama tena juu ya sinia, wakafuta michoro na kuanza upya. Karatasi ziligawiwa mchana, watu wakiwa tayari na maswali yao.

Kwetu semina ni kukaa ukumbini, kunakili kinachosomwa mbele, kupokea cheti na kurudi darasani. Siwalaumu walimu. Tangu shule ya msingi iwe bure mwaka 2019 madarasa yamefurika, na aliyefundishwa kwa kunakili atafundisha kwa kunakili.

Mwaka 2005, wanasayansi na walimu wa Marekani walioona kwamba bahari karibu haimo katika mitaala yao walitoa misingi saba ya elimu ya bahari. Wa kwanza unasema bahari ya dunia ni moja. Kwa Kolwezi huo mmoja unatosha kuanzia, kwa sababu mlango wa kuingilia uko karibu: Lualaba.

Mto huo unaanzia kusini mwa Katanga, unazuiwa na bwawa la Nzilo lililokamilika mwaka 1952, unapita Bukama, Kongolo na Kindu, na ukishavuka maporomoko ya Boyoma ndipo unaitwa Congo hadi Atlantiki. Hata hapo safari haijaisha. Mdomoni mwake kuna korongo refu linaloendelea chini ya bahari. Januari 2020, baada ya mafuriko makubwa ya mto, mchanga na tope viliporomoka ndani ya korongo hilo zaidi ya kilomita 1,100 na kukata nyaya mbili za mawasiliano, WACS na SAT-3. Intaneti ikasuasua katika nchi nyingi za Afrika. Hakuna mwanafunzi mwenye simu atakayesinzia katika somo hilo. Na mwalimu akitoka hapo kueleza kwa nini maji machafu ya mto Musonoi, unaoingia Lualaba, hayaishii Musonoi, ataeleweka.

Kuna pia mawe, na hapa Kolwezi inaizidi Oostende. Miamba yenye shaba yetu ilijitandaza katika maji ya bahari ya kina kifupi zaidi ya miaka milioni 700 iliyopita. Katika dolomiti yake mna mistari ya mawimbi iliyoachwa na vijidudu vilivyoishi tabaka juu ya tabaka. Mwalimu asisage mawe ya migodini mbele ya watoto, maana vumbi lake lina madhara. Achukue jiwe la chokaa la Kakontwe, pale Likasi, alidondoshee siki. Mapovu yatakayopanda ni gesi yenye kaboni iliyofungiwa ndani ya jiwe hilo tangu lilipokuwa tope la bahari.

Bahari ya leo nayo inatuhusu mfukoni. Kati ya Hawaii na Meksiko, kwenye kina cha zaidi ya mita 4,000, sakafu imetapakaa mabonge ya madini yenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaica, inajadili masharti ya kuyachimba. Mtoto wa mtaa wetu wa Kasulo ambaye baba yake anaishi kwa kobalti hajawahi kuambiwa darasani kwamba mjadala huo upo.

Mafunzo ninayoyataka hayahitaji meli wala maabara. Jumamosi moja Nzilo, na wavuvi wa ziwa la bwawa hilo wakiwa wakufunzi wa asubuhi. Nyingine kwenye mawe. Kolwezi ina wanajiolojia wastaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines wanaoweza kusimama mbele ya mwamba na kuusoma kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, walimu wakichora.