Usiku wa Bumula na Kitabu cha Mwanafunzi

Mtu atokaye Kitale akaelekea Bungoma huteremka pole pole bila ya kutambua kwamba anateremka. Mji wa Kitale umekaa juu, yapata mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa makoti na mablanketi. Bungoma uko chini, yapata mita 1,400, na huko mtu aweza kusimama nje hata saa nne za usiku akiwa na shati moja tu. Tofauti hii ni ndogo, lakini nadhani inasaidia kueleza kwa nini mazungumzo ya jioni ni marefu zaidi kadiri msafiri anavyoshuka.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na masetla wa Trans Nzoia wakapata njia ya kupeleka mahindi yao sokoni. Mashamba yale yalitaka mikono mingi, na mikono mingi ilitoka kwa Wabukusu. Vijana waliondoka kwao, wakakaa miezi, wakarudi na mshahara, blanketi, na wengine wao gramafoni. Kabla ya hapo usiku wa kijijini ulikuwa mali ya wazee: wao ndio waliosema nani aimbe, nani acheze, na nani aende kulala. Mshahara ndio ulioanza kumpa kijana usiku wa kwake mwenyewe. Wale wanaodhani kwamba mambo haya yote yaliletwa na simu za mkononi na wafikiri tena.

Njia niliyoishika inapita Kiminini na Kamukuywa, kisha Kimilili na Chwele penye soko kubwa, halafu Kibabii, karibu na mji wa Bungoma. Hapo Kibabii palikuwa na chuo cha walimu. Mwaka 2011 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na mwezi wa Novemba 2015 kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Chuo kikija, mji huzaliwa mlangoni pake: vyumba vya kupanga, hoteli za chai na chapati, maduka ya kupigisha chapa, na nyumba za muziki. Baadhi ya wanafunzi hukesha na vitabu, na baadhi hukesha na dansi. Wengine, nimeambiwa, hufanya yote mawili kwa zamu, wakapasi mitihani yao vile vile.

Sioni sababu ya kuwalaumu sana. Mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, na nyumba ya pombe ina mlango, ina mwenyewe, na ina leseni. Sheria ya mwaka 2010 iliziamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku katika siku za kazi. Kama sheria hiyo hushikwa kila mahali, wasomaji wa Bungoma watajibu wenyewe.

Shauri hili si la Afrika peke yake. Wako vijana wa Kenya wasomao katika nchi ya Hungaria kwa mpango wa Stipendium Hungaricum, ulioanzishwa na serikali ya huko mwaka 2013. Katika mji mkuu, Budapest, wanafunzi wa mataifa mengi hukutana usiku katika majumba ya kale yaliyokuwa karibu kuanguka, ambayo yamegeuzwa kuwa baa. La kwanza lenye sifa, Szimpla Kert, lilianza mwaka 2002. Wenyeji wa mtaa ule walichoka kwa kelele. Mwaka 2018 watu wa wilaya ya saba waliitwa kupiga kura kama baa zifungwe saa sita za usiku. Waliojitokeza hawakutosha, na kura ikawa si halali. Basi huko pia, penye vyuo vikongwe na polisi wengi, usiku haukupata mwamuzi.

Lakini Bumula si Budapest, wala si Kibabii. Kutoka Bungoma unapita Musikoma na kushika upande wa kusini-magharibi, katikati ya mahindi, miwa na migomba, na nyumba zimesongamana kwa kuwa mashamba yamegawanywa baina ya wana na wajukuu. Dansi inayosumbua wazazi hapa haina mlango wala leseni. Huchezwa kwenye boma la marehemu, nayo huitwa disko matanga.

Kwa msomaji asiyeijua, nitaieleza. Mtu akifa, na mwili ungali chumba cha maiti, usiku wa kuamkia maziko huletwa jenereta, vipaza sauti na mpiga sahani. Watu wa vijiji vya jirani husikia na kuja. Halafu huanza mnada: mmoja atoa shilingi ili wimbo uendelee, mwingine atoa zaidi ili usimamishwe; huyu alipa ili acheze na fulani, yule alipa ili fulani aketi. Fedha hukusanywa mezani mpaka alfajiri. Kazi yake ya asili ni kulipia gharama za chumba cha maiti, jeneza, gari na chakula cha waombolezaji. Ni harambee iliyovaa nguo za dansi.

Hapo ndipo ulipo ugumu wenyewe. Machifu wameipiga marufuku mara nyingi, na wakuu wa serikali katika Bungoma, Busia na Kakamega wametoa amri zile zile mwaka baada ya mwaka, kwa sababu ya wasichana wa shule wanaoshika mimba na wavulana wanaoacha masomo. Amri hutolewa, muziki hunyamaza miezi michache, kisha hurudi. Huwezi kuifukuza dansi ukaiacha deni la jeneza limekaa pale pale.

Nilipokuwa Bumula nilizungumza na mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mwembe karibu na soko. Nilimwuliza, "Kuka, je, hapo zamani watoto hawakukesha matangani?"

"Walikesha, mjukuu wangu," alijibu. "Tulilala kando ya moto, na litungu lilipigwa usiku kucha. Lakini kila mtoto alikuwa karibu na mtu aliyemjua mama yake. Sasa anayecheza na mtoto wangu ametoka wapi? Amekuja kwa pikipiki, na kabla ya jua kutoka amekwisha kwenda."

Maneno hayo yalinifumbulia jambo. Wabukusu hawakuwa watu wa kulala mapema. Katika mwezi wa Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili, vijana wa kutahiriwa huzunguka kwa jamaa zao na njuga mikononi, na usiku wa mwisho watu hukesha kwa nyimbo mpaka kijana apelekwe mtoni kupakwa matope alfajiri. Na mzee mwenye heshima akifa, hufanywa kumuse, ambapo msemaji mmoja husimama mbele ya umati akisimulia ukoo na kuwaonya walio hai. Usiku ulikuwa na kelele, lakini ulikuwa na wasimamizi. Pikipiki, zilizoenea sana baada ya mwaka 2008, zimeufungua mlango. Neno lenyewe boda boda lilizaliwa hapo karibu, kwenye mpaka wa Uganda, wakati abiria walipovushwa kwa baiskeli. Sasa limekuwa jina la chombo kinachoweza kumtoa kijana Malaba na kumrudisha usiku ule ule.

Mwanafunzi wa Bumula, kwa upande wake, hana ukuta wa bweni. Serikali iliondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, na mwaka 2008 ikaanza kulipia masomo ya sekondari za kutwa. Maelfu ya watoto ambao wangekaa nyumbani waliingia darasani, na hiyo ni baraka isiyo na shaka. Lakini mtoto wa kutwa hurudi nyumbani jioni. Huchota maji, huwasha moto, hula, kisha saa mbili hufungua kitabu. Kama stima haijafika, huwasha taa ya jua au koroboi. Na kama jirani amefiwa, muziki humfikia hapo mezani. Wakati shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona, tangu Machi 2020 hadi Januari 2021, hata kengele ya asubuhi haikuwapo ya kumwita arudi. Msichana aliyezaa anayo ruhusa ya kurudi shuleni tangu mwaka 1994, lakini ruhusa haimlei mtoto wakati mama yake anapofanya hesabu.

Nilichokipenda Bumula ni kwamba baadhi ya jamaa wamekwisha kuupata ufunguo bila ya kungoja amri. Mtu akifa, kamati huchaguliwa siku ile ile, na michango hukusanywa kwa M-Pesa, njia iliyoanza mwaka 2007. Mtoto aliye Nairobi au Mombasa hutuma sehemu yake kabla ya jua kuchwa. Jina la kila mtu na kiasi alichotoa huandikwa mahali ambapo wote huona, na aibu hufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na mnada. Wengine huzika baada ya siku chache tu ili gharama za chumba cha maiti zisipande. Jeneza likiwa limelipwa mchana, mpiga sahani hana la kusema usiku. Wako bado wanaotaka dansi kwa kuwa wanaipenda tu, na hao chifu anaweza kupambana nao kwa haki, kwa maana hawana tena huzuni ya kujificha nyuma yake.

Nilipokuwa nikirudi Bungoma gizani, tulipita shule moja ya sekondari ambako madarasa mawili yalikuwa yamewashwa taa. Dereva alipunguza mwendo kwa sababu ya matuta. Upande wa pili wa mto muziki ulikuwa ukipigwa, na mwalimu mmoja alikuwa akifunga madirisha ya upande huo, moja baada ya jingine, na wasichana wameinamisha vichwa juu ya madaftari yao.