Pesa yangu ya kasino, mama aliijengea choo

Kwa miaka miwili kila ndugu aliyeniuliza nasomea nini Marekani nilimjibu neno moja tu: hoteli. Haukuwa uongo. Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas, kina kitivo cha hoteli, na humo ndimo nilimojiandikisha. Nilichokuwa sisemi ni kwamba kuanzia mwaka wa pili nilikuwa nachukua masomo ya usimamizi wa kasino, na kwamba niliyapenda kuliko yale ya mashuka na mapishi.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga. Mama yangu anauza vitumbua mlangoni tangu baba alipofariki, nikiwa darasa la sita. Nilifika Las Vegas kwa sababu mama mdogo alinitangulia, anatandika vitanda katika moja ya hoteli kubwa za pale. Wiki ya kwanza tu aliniambia, "Mwanangu, hapa hoteli ni baraza. Nyumba yenyewe ni kasino." Nikaona kweli. Kwenda mapokezi, kwenda kula, kwenda msalani, kote unapita katikati ya mashine. Mimi nilikuwa na miaka 20, na sheria ya Nevada hairuhusu mtu wa chini ya miaka 21 kucheza wala kuzubaa karibu na meza. Basi nilikuwa napita njia ya katikati, macho chini, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mkwe.

Watu wakisikia unasomea kasino wanadhani mnafundishwa kuchanganya karata. Kipindi changu cha kwanza hakikuwa na karata hata moja. Kilikuwa na kikokotoo.

Mwalimu alituchorea gurudumu la ruleti la Kimarekani. Lina vishimo 38: namba 1 hadi 36, sifuri moja, na sifuri mbili pamoja. Tuseme umeweka shilingi 1,000 kwenye namba moja. Ikitoka, unalipwa 35,000 na elfu yako unarudishiwa. Inaonekana neema. Sasa cheza mara 38, na kila kishimo kitoke mara moja. Umetoa 38,000, umerudishiwa 36,000. Zile 2,000 hakuna aliyekuibia, zimebaki tu mezani. Ni asilimia 5.26 ya kila shilingi inayowekwa, usiku na mchana, mwaka mzima. Gurudumu la Ulaya lina sifuri moja tu, na huko kinachobaki ni asilimia 2.7. Ninakumbuka nilivyoshangaa. Nyumbani tumekua tukiambiwa mcheza kamari hupunjwa na wajanja. Kumbe mjanja hahitajiki. Kinachohitajika ni mteja akae muda mrefu.

Ndiyo maana kinachopimwa ni muda. Mteja akiweka wastani wa 10,000 kila mzunguko, mizunguko 40 kwa saa, saa tatu, amezungusha 1,200,000. Chukua asilimia 5.26 yake: kama 63,000. Hiyo ndiyo thamani yake katika vitabu, hata kama usiku ule ameondoka na laki tano za ushindi. Kasino haina presha, inajua namba itarudi mahali pake. Na sehemu ya hiyo 63,000 ndiyo anayorudishiwa kwa jina la zawadi: chakula cha bure, chumba cha bure. Mama mdogo alikuwa anawaonea wivu wageni wa vyumba vya bure. Nilipomweleza hesabu, alicheka mpaka akakaa kitandani alichokuwa anatandika.

Nilipenda pia jinsi pesa inavyolindwa. Mchezeshaji akiondoka mezani hupiga kofi moja na kugeuza viganja juu na chini, ili kamera ione hakubeba chipu (si chipsi za kula, ni vile vidude vya duara vinavyosimama badala ya pesa). Chumba cha kuhesabia watu huvaa ovaroli zisizo na mifuko. Funguo za sanduku moja hukaa kwa watu wa idara tofauti, asiweze mmoja kulifungua peke yake. Nilikuwa naandika haya huku namkumbuka mama na kopo lake la chenji, kopo kubwa la maziwa ya unga, lisilo na kufuli wala kamera.

Kopo hilo ndilo lililonitoa uongo wangu.

Nilikuwa katikati ya muhula simu ilipolia. Kwangu saa tatu usiku, kwao saa moja asubuhi. Mama: "Kopo halina kitu. Wateja wamesimama, mtu kanipa elfu kumi, sina cha kumrudishia." Sarafu zake za mia mbili mia mbili, ambazo huzikusanya makusudi kwa ajili ya chenji, zote zimekwenda. Sikuhitaji kuuliza zimekwenda wapi. Kaka yangu anaendesha bodaboda, na karibu na kijiwe chake kuna duka lenye dubwi, ile mashine ya kamari inayokula sarafu za mia mbili.

Nilimpigia kaka. Hakukana. Alisema, "Ile mashine imeshiba. Watu wameilisha tangu asubuhi, haijatapika hata kidogo. Nisingeiacha mwingine aje avune."

Wiki ileile tulikuwa tumefundishwa mashine za namna hiyo. Mashine haishibi. Ndani ya zile za kisasa kuna programu inayochagua namba kila unapobonyeza, na haikumbuki iliyopita. Aliyekula sasa hivi na aliyeliwa tangu alfajiri mbele yake wako sawa. Nevada sheria inataka mashine irudishe angalau asilimia 75 ya kinachochezwa, na nyingi hurudisha zaidi ya hapo. Lakini nikamwambia kaka, tuseme hiyo ya kwenu ni ya huruma, inabakiza asilimia 10 tu. Unabonyeza mara nane kwa dakika, mia mbili mia mbili. Kwa saa moja umezungusha 96,000, na mashine inategemea kubakiza 9,600. Saa mbili, tatu, kazi ya siku nzima ya pikipiki imekwisha.

Akanyamaza. Halafu akauliza, "Weye hesabu zote hizi za kamari umezijulia wapi?"

Nikamwambia. Kosa langu lilikuwa kumwambia kwa kujitapa, kama mtu aliyesoma anavyomwambia asiyesoma. Siku ya pili mama alipombana kuhusu kopo, alijitetea kwa jambo hilohilo: mimi nacheza sarafu, mwanao wa Marekani anasomea kabisa.

Mama hakupiga kelele. Aliniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Nikaeleza kwamba kule ni kazi halali tangu mwaka 1931, kwamba kuna bodi ya serikali inayokagua mashine, kwamba hata kwetu Tanzania kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na leseni na kodi. Nikasema mimi sichezi, nafundishwa kuhesabu tu. Akasema, "Anayechukua na anayehesabu wanakaa chumba kimoja. Kwa hiyo kaka yako anapoliwa huku, huko walaji ni nyie." Kisha akakata simu, na kwa wiki sita hakupokea yangu.

Ningependa kusema alinionea. Lakini muhula ule tulikuwa na somo la wachezaji walioshindwa kujizuia, na kuna jambo moja lililonikaa kooni. Katika kompyuta ya kasino, mteja mzuri na mteja mgonjwa wanafanana. Wote wanakuja mara nyingi, wanakaa saa nyingi, wanaongeza dau. Tulifundishwa dalili: anayekopa ili aendelee, anayefukuzia alichopoteza, anayewaficha wa nyumbani. Hizo haziandikwi kwenye kompyuta, anazijua mama yake. Niliposoma orodha ile nilimwona kaka yangu mstari kwa mstari, na kwa hesabu ile ya thamani angestahili chakula cha bure.

Likizo ya kiangazi nilipata mafunzo ya kazi katika idara ya ukaguzi wa mapato ya kasino moja. Kazi ya karatasi: kulinganisha kilichohesabiwa chumbani na kilichoandikwa mezani. Walinilipa. Nikatuma nyumbani milioni moja na nusu ili mama abadilishe mabati, maana sebule yetu wakati wa masika huwekwa ndoo tatu. Pesa ilipokewa. Hakuna aliyenipa neno la asante wala la kulaumu.

Mwaka uliofuata nilikwenda Tanga. Nilipoingia uani nikatazama juu: mabati yaleyale, kutu ileile. Lakini pembeni, pale palipokuwa na kibanda cha makuti, kilisimama choo cha matofali, kimepigwa lipu, kina mlango wa chuma. Choo kizuri kuliko nyumba. Mama alisema alikwenda kuuliza, akaambiwa pesa yenye shaka hailiwi wala hailaliwi chini yake, lakini unaweza kuijengea choo bila kutarajia thawabu. "Basi nimekujengea," akasema. Hakuwa anatania, ila nilimwona anazuia kucheka.

Usiku wa tatu niliomba lile kopo la chenji. Nikakata vikaratasi 38: kumi na nane nikavitia wino mwekundu, kumi na nane mweusi, viwili nikaviacha vitupu. Nikavikunja, nikavitia ndani. Kaka nikampa punje mia za mahindi. Anaweka punje moja, anavuta karatasi, nyekundu anapata moja, nyingine yoyote anapoteza yake, karatasi inarudi koponi. Mama alikuwa mkekani anachambua mchele wa vitumbua. "Na hii si kamari?" akauliza. Nikamjibu, mahindi yanarudi kwenye debe, mama.

Tulianza baada ya Isha. Mwanzoni kaka alinitesa, alifika punje 113, na mama akanitazama kama anayesema, ndiyo elimu yenyewe hii? Tukaendelea. Mara mia tatu kavuta, nilikuwa naweka alama kwenye daftari. Karibu saa tano usiku alikuwa amebaki na 82. Nikamwonyesha: ni vile viwili vitupu tu, kaka, hakuna aliyekudhulumu, na kopo halijui jina lako. Nilikuwa nimeisubiri saa hiyo tangu Las Vegas.

Akahesabu punje zake, akahesabu tena. Akasema, "Ungeniacha kidogo tu, ningerudisha."

Mama aliacha kuchambua mchele. Kwa mara ya kwanza tangu nifike alinitazama mimi, si kama mshitakiwa, kama mtu mwenye mzigo uleule. Akalichukua kopo, akamwaga vikaratasi ndani ya moto, akaenda nalo chumbani kwake.

Nimemaliza chuo. Nilipewa nafasi mbili, moja ya kupokea wageni hotelini, moja ya ukaguzi wa kasino yenye mshahara mnono zaidi. Nilichukua ya ukaguzi. Nina deni la ada, na kazi yenyewe naiweza. Siku hizi ninapotuma pesa mama huuliza, "Hii ya vyumba au ya meza?" Nimemweleza kwamba mwajiri ni mmoja na mshahara ni mmoja, hautenganishwi. Kaka amekaa miezi minne bila kuingia kwenye lile duka, akarudi, akaacha tena. Chenji ya vitumbua sasa inalala kwa jirani.

Juzi mama alinitumia picha. Choo kimewekwa vigae vyeupe mpaka juu, na bomba lake. Paa la sebule bado linavuja.